Kadiri ya Kubana

Sikio la dereva aliyelelewa na gari la gia lina elimu yake. Huijua sauti ya injini inapopanda, huungoja wakati wa kubadili gia, na sauti inaposhuka huridhika kuwa gari limepokea amri. Elimu hii haikuandikwa katika kitabu chochote, lakini ni elimu ya kweli, na aghalabu imemwokoa mwenyewe na gharama nyingi. Siku anapokabidhiwa gari lisilo na ngazi za gia, elimu hiyo humsaliti. Hukanyaga mafuta katika barabara ya kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, injini ikashika sauti moja na kuishikilia, huku gari likiongeza mwendo taratibu bila mshtuko wala pumziko. Dereva hungoja badiliko lisilokuja. Hudhani kuna kitu kinachoteleza mahali fulani ndani ya chombo, na dhana hiyo humkosesha raha. Si ajabu mtu akauza gari zima kwa bei ya gari bovu kwa sababu ya sauti hiyo tu.

Hofu hiyo haistahili kuchekwa. Mwanadamu huogopa kitu kinachomfanyia kazi bila kumwambia namna kinavyoifanya. Hofu ya namna hii haiponi kwa kutiwa moyo. Huponywa kwa kufunguliwa kifuniko.

Chini ya kifuniko hicho hamna ngazi. Mna puli mbili na mkanda mmoja. Puli hizi ni ndugu wa kapi la jahazi, ila kila moja imegawanywa katika sahani mbili zenye umbo la pia, zinazotazamana kwa upande wa ncha, na mkanda hupita katika bonde lililo baina yao. Sahani moja imekazwa; ya pili huweza kusogea. Zikikaribiana, bonde huwa jembamba na mkanda hupanda kuelekea ukingoni, ukazunguka duara kubwa. Zikiachana, bonde hupanuka na mkanda huzama kuelekea kwenye mhimili, ukazunguka duara dogo. Puli ya kwanza huendeshwa na injini, na ya pili huendesha magurudumu. Kwa kuwa urefu wa mkanda haubadiliki, duara moja likikua jingine hupungua. Duara la injini likiwa dogo na la magurudumu likiwa kubwa, gari hupata nguvu ya kupanda mlima. Mambo yakigeuka kinyume, gari hupata mwendo wa tambarare. Baina ya hali hizo mbili hakuna daraja nne wala tano. Kuna nafasi zisizo na idadi, kama vile kusivyo na idadi ya hatua baina ya alfajiri na adhuhuri. Ndiyo maana sauti ya injini haipandi na kushuka. Injini imewekwa katika mwendo unaoifaa, na kazi ya kubadilika wameachiwa mkanda na puli.

Umbo la mtambo huu ni jepesi kueleweka. Mtoto anayechezea uzi na magurudumu ya gari la mabua angeweza kulichora. Taabu yake imejificha katika swali moja: mkanda hushikwa na nini? Hauna matundu ya kupokea meno kama mnyororo wa baiskeli, na puli haina meno. Hushikwa na msuguano peke yake.

Baharia wa jahazi aliujua msuguano huu kabla ya wahandisi. Huizungusha kamba katika nguzo ya gatini, na kwa mkono mmoja huzuia chombo ambacho watu kumi wasingekizuia kwa kuvuta. Leonhard Euler, mwanahisabati mzaliwa wa Uswisi, aliieleza siri hiyo kwa hesabu katika karne ya 18. Ikiwa kipimo cha msuguano baina ya kamba na nguzo ni 0.3, mzunguko mmoja huzidisha nguvu ya mkono zaidi ya mara 6, mizunguko miwili zaidi ya mara 40, na mitatu zaidi ya mara 280. Lakini mkanda wa gari haukupata bahati ya baharia. Katika kila puli hulala takriban nusu ya mzunguko tu, na katika mikanda ya chuma inayofanya kazi ndani ya mafuta kipimo cha msuguano huwa karibu 0.1. Kilichobaki ni kubana. Sahani za puli lazima ziubane mkanda mbavuni, tena kwa nguvu nyingi, ili ushike.

Hapa ndipo uzito wa jambo zima ulipo. Kubana kidogo ni hasara: mkanda huteleza, hukwaruza uso wa sahani, na joto la mkwaruzo huo huweza kuuharibu mtambo kwa muda mfupi. Kubana mno ni hasara pia, japo hasara yake ni ya kimya: mkanda huchoka kabla ya wakati, beringi hubeba mzigo usio wake, na sehemu ya petroli iliyonunuliwa kwa ajili ya safari hutumika katika kubana. Hasara ya kwanza hupiga kelele na ya pili hunong'ona. Kwa sababu hiyo watengenezaji wamekuwa wakiikimbia ya kwanza hata wakaangukia mikononi mwa ya pili. Historia ya mtambo huu ni historia ya kuitafuta kadiri iliyo baina ya hizo mbili.

Aliyeufanya mtambo huu kuwa bidhaa ya watu wengi alikuwa Hub van Doorne, Mholanzi aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1900 katika kijiji cha jimbo la Limburg kiitwacho America. Baba yake alikuwa mhunzi. Mwaka 1928 Hub alianzisha karakana mjini Eindhoven, na pamoja na ndugu yake Wim aliikuza mpaka ikawa kiwanda cha matela na baadaye cha malori, kilichojulikana kwa jina la DAF. Mwaka 1958, katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, kiwanda hicho kilitoa gari dogo, DAF 600, lenye injini ya silinda mbili, ujazo wa sentimita 590 na nguvu za farasi 22. Mtambo wake wa gia uliitwa Variomatic. Ulikuwa na mikanda miwili ya mpira, na dereva alipewa mkono mmoja tu wa kuchagua kwenda mbele au kurudi nyuma.

Kadiri ya kubana katika gari lile iliamuliwa na springi, vyuma vya uzito na pumzi ya injini. Injini ilipozunguka kwa kasi, vyuma vile vilitupwa nje kama jiwe katika kombeo, na kwa kutupwa kwao vilizisukuma sahani za puli zikaribiane. Mvuto wa hewa katika njia ya injini nao ulikuwa na sauti katika shauri hilo, kwa kuwa hubadilika kwa kadiri dereva anavyokanyaga mafuta. Hapakuwa na kompyuta, wala pampu ya mafuta. Ilikuwa akili ya kupendeza, lakini ilijua mambo mawili tu: mwendo wa injini na mguu wa dereva. Haikujua kama mkanda ni mpya au umechakaa, wala kama umeanza kuteleza. Gari lenyewe lilichekwa kuwa ni gari la vikongwe. Na kwa kuwa liliweza kurudi nyuma kwa mwendo ule ule wa kwenda mbele, Waholanzi walifanya mashindano ya kukimbiza magari hayo kinyumenyume. Mtambo umeishi kuliko vicheko.

Mpira, hata hivyo, una kikomo chake. Injini zilipokuwa kubwa, mikanda ya mpira ilikuwa mipana mno kwa gari dogo, na wa chuma ukatafutwa. Mwaka 1972 ilianzishwa kampuni ya Van Doorne's Transmissie kwa kazi hiyo. Mkanda uliopatikana una vipande vyembamba vya chuma takriban 400, vilivyopangwa kama kurasa za kitabu juu ya pete nyembamba za chuma zilizovaana. Ajabu yake ni kwamba hausafirishi nguvu kwa kuvuta kama kamba. Vipande vyake husukumana. Hub van Doorne alifariki mwaka 1979, kabla mkanda huo haujaonekana katika magari ya kuuzwa. Mwaka 1987 Subaru walitoa Justy yenye mkanda wa namna hiyo, na Ford na Fiat wakauingiza katika magari yao madogo ya Ulaya.

Chuma kilihitaji kubanwa kwa nguvu kubwa kuliko mpira, na springi na vyuma vya uzito havikutosha tena. Kazi ikakabidhiwa mafuta. Pampu inayozungushwa na injini huyasukuma mafuta mpaka yapate shinikizo kubwa, na shinikizo hilo huzikandamiza sahani za puli. Baadaye kompyuta ikapewa usimamizi wa vali zake: umeme ukatoa amri, mafuta yakatoa nguvu. Huu ndio mpango uliomo hadi leo katika magari mengi ya mkanda.

Mpango huo una tabia moja inayostahili kutazamwa sana. Kompyuta hukisia nguvu inayotoka katika injini, kisha huagiza mkanda ubanwe kwa nguvu inayozidi hesabu hiyo, mara nyingi kwa kiasi kinachokaribia asilimia 30. Ziada hiyo ni ya tahadhari, kwa maana kompyuta haijui yatakayotoka upande wa magurudumu. Gurudumu linaloserereka katika tope laweza kukamata lami ghafla, na kishindo chake kikarudi mpaka kwenye mkanda. Shimo la barabarani laweza kufanya vivyo hivyo. Basi mkanda hubanwa wakati wote kana kwamba shimo liko hatua moja mbele, hata gari likiwa katika barabara nyoofu isiyo na ufa. Na pampu, kwa kuwa imefungwa na injini, huzunguka ikihitajika na isipohitajika. Ziada ile ni kodi ya kutojua. Hulipwa kila dakika, kidogo kidogo, kwa ajili ya hatari ambayo siku yake haifahamiki.

Wahandisi waliotaka kuipunguza kodi hiyo waligeukia mota za umeme, na wazo lao lina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya nguvu. Sahani ya puli husukumwa na parafujo inayozungushwa na mota, kama jiliwa la seremala linavyokaza ubao. Seremala hutoa jasho wakati wa kukaza; ubao ukishashikwa, aweza kwenda kunywa chai, na jiliwa halitalegea. Kwa njia hiyo parafujo hushikilia kwa gharama ndogo kile ambacho pampu hukishikilia kwa kusukuma bila kukoma, na mota hutumia umeme mwingi wakati wa kubadili nafasi tu. Pana kikwazo kimoja ambacho seremala hakijui. Ubao wake umetulia, lakini puli huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Ni lazima nguvu ya mota ifike kwenye sahani inayozunguka, ama kwa kupitia beringi, ama kwa magurudumu ya meno yaliyopangwa hivi kwamba mota haihitaji kukimbizana na puli.

Katika pikipiki jambo hili lilikwisha kuingia barabarani. Suzuki Burgman 650, iliyotolewa mwaka 2002, ilikuwa na puli inayosogezwa na mota ya umeme kwa amri ya kompyuta, na mwaka 2007 Aprilia wakatoa Mana 850 kwa mfano wa namna hiyo. Kwa upande wa magari, utafiti mkubwa ulifanywa katika chuo kikuu cha ufundi cha Eindhoven, mji ule ule wa karakana ya mwaka 1928. Katika miaka ya 2000 watafiti wa chuo hicho walitengeneza mtambo wa mkanda wa chuma ambao puli zake zilitawaliwa na mota mbili za umeme, moja kwa ajili ya uwiano wa madaraja na moja kwa ajili ya nguvu ya kubana. Waliupa jina la EMPAct.

Sehemu ya pili ya wazo ni ya elimu, nayo ndiyo kubwa. Badala ya kukisia nguvu ya injini na kuongeza tahadhari juu yake, kompyuta hupima kuteleza kwenyewe. Vihisi viwili huhesabu mizunguko ya puli zote mbili, na kingine hupima mahali sahani ilipo. Mahali pa sahani hueleza uwiano unaopasa kuwapo. Mizunguko hueleza uwiano uliopo. Tofauti ya hayo mawili ndiyo kuteleza. Tofauti ikizidi, mota hukaza; ikipungua mno, mota hulegeza.

Vipimo vya namna hii vilithibitisha jambo ambalo mtu asiyezoea asingelitarajia. Mkanda unaofanya kazi pasipo kuteleza kabisa haupo. Ili msuguano usafirishe nguvu, lazima mkanda uteleze kidogo mno juu ya puli, na mtambo huwa na faida kubwa zaidi kuteleza huko kunapokuwa karibu asilimia moja au mbili. Chini ya hapo, nguvu hupotea katika kubana. Juu sana ya hapo, mkanda huanza kuharibika. Wahenga waliosema kuwa kuteleza si kuanguka hawakuwa na puli mbele yao, lakini msemo wao wafaa kuandikwa juu ya mlango wa karakana ya mtambo huu. Uhandisi wa zamani ulikataza kila utelezi, kwa sababu haukuwa na njia ya kuutofautisha na anguko. Huu mwingine unaruhusu utelezi kwa sababu unaupima.

Si haki kuusifu mpango huu bila kutaja mizigo yake. Mota lazima iwe nyepesi wa kuitika, kwa kuwa kishindo cha shimo hakingoji shauri. Kihisi kikisema uongo, mkanda uliobanwa kwa kadiri hauna ziada ya kuuokoa. Vilevile mota, parafujo na vihisi vina bei yake. Haishangazi kwamba viwanda vingi vimebaki na mafuta, vikiendelea kulipa kodi ya zamani kuliko kuingia katika hatari mpya. Lakini jambo lenyewe limekwisha kudhihirika: mbano wa ziada si tabia ya mkanda. Ni upungufu wa habari.

Mambo haya yangeweza kuonekana kuwa ni ya Uholanzi na Japani peke yake, kama si bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Magari yaliyotumika Japani hushushwa huko kwa wingi, na miongoni mwake Toyota Vitz, Honda Fit na Nissan Note nyingi zina mkanda mahali pa gia. Aghalabu huja bila kitabu, au na kitabu cha Kijapani. Mwenye gari huujua mtambo wake kwa herufi tatu, CVT, na mara nyingi huzitamka herufi hizo kama jina la ugonjwa.

Fundi aliyezoea giaboksi la otomatiki la kawaida huona mafuta yamepungua, akaongeza yale anayoyajua. Kwa macho na kwa vidole tofauti yake haionekani. Lakini mafuta ya mtambo wa mkanda yametengenezwa kwa kazi mbili zinazopingana: kulainisha, na kukiacha chuma kikamate chuma. Mengine hufanya ya kwanza na kuisahau ya pili. Ile ziada ya tahadhari huliwa na kosa hilo, mkanda ukateleza, sahani zikakwaruzwa, na mwenye gari akaambiwa kuwa magari ya namna hii ni mabovu tangu kuzaliwa kwake. Kadhalika gari lililozimika njiani huvutwa kwa kamba mpaka mji wa pili, magurudumu yake ya kuendeshea yakiwa chini. Wavutaji hawajaambiwa kwamba injini ikilala pampu nayo hulala, na kwamba katika mengi ya magari hayo magurudumu huendelea kuuzungusha mtambo uliokosa mafuta na mbano. Gharama ya makosa hayo mawili yaweza kufika sehemu kubwa ya thamani ya gari, nalo pengine ni gari lililonunuliwa kwa akiba ya miaka mingi, na ndilo linalolisha nyumba.

Kosa hilo halipaswi kuhesabiwa kuwa ni upungufu wa akili ya fundi. Mtoto wa mhunzi wa Limburg hakuzidi akili fundi wa Gerezani anayetambua beringi mbovu kwa kuegemeza bisibisi sikioni. Tofauti yao ni maelezo. Mmoja aliufanya mtambo na kuyajua matakwa yake. Wa pili ameupokea umefungwa, na maelezo yake yamefungwa katika lugha asiyoisoma. Asiyeelezwa hukaza kila kitu apate kuwa salama, au hulegeza kila kitu kwa kukata tamaa. Vyuo vinavyofundisha uhandisi, na waandishi wanaojivunia upana wa Kiswahili, wana deni kwa fundi huyo. Lugha iliyopata maneno ya demani na omo, ya foromali na dasi, haitashindwa kueleza sahani mbili na mkanda.

Wala somo la mkanda haliishii karakana. Mzazi asiyemjua mwanawe humbana kwa makosa ambayo hajayatenda. Mwajiri asiyeijua kazi ya watu wake huwawekea walinzi wengi kuliko vibarua, na mshahara wa walinzi hutoka katika jasho la vibarua. Kila mmoja wao huita mbano wake busara. Kwa kiasi ni busara kweli, maana mashimo yako barabarani na si ya kubuniwa. Lakini sehemu iliyozidi hulipwa na wanaobanwa, hata siku ambayo hapana shimo. Kuipunguza hakuhitaji moyo mwepesi. Kunahitaji kupima mahali pa kukisia.

Dereva wa Lushoto bado yumo njiani. Kona ya kwanza imepita, mlima umezidi, na injini ingali na sauti ile ile. Chini ya miguu yake mkanda umezama katika puli moja na kupanda katika ya pili, vipande vyake vya chuma vikisukumana, vikiteleza kwa kiasi kinachowastahili. Dereva akilijua hilo, hana haja ya kungoja badiliko la sauti. Atatazama kona inayofuata, na mguu wake utabaki pale pale.